Taarab, rege na kompyuta: muziki wa Unguja unachanganywaje, na nani anafaidika?

Ukifungua redio siku hizi utasikia wimbo unaoanza kwa udi. Baada ya nukta chache unaingia mdundo wa kompyuta, kisha gitaa la rege linakuja kuudakia. Wazee wengine huzima redio hapo hapo. Vijana huongeza sauti.

Swali linalozuka ni lile lile kila mara: je, kuchanganya ngoma na taarab yetu na rege au muziki wa kompyuta ni kuua mila, au ni kuipa mila maisha mapya? Na jengine ambalo haliulizwi sana: wimbo mpya ukipata pesa kwa kutumia ngoma ya kijijini kwenu, nani analipwa?

Makala haya yanaeleza mchanganyiko huo unavyofanyika, ulianzia wapi, una faida na hasara gani, na kikundi cha ngoma kifanye nini kabla ya kumruhusu mtu kurikodi.

Malindi, mtaa uliozoea wageni

Tuanzie Malindi. Hatusemi ule mji wa pwani ya Kenya, bali mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja, upande wa bandarini. Kwa karne nyingi majahazi ya pepo za kaskazi na kusi yametia nanga jirani na hapo, yakitoka Arabuni, Uhindini, Lamu, Mombasa na Ngazija. Watu walishusha tende, papa na vitambaa. Walishusha pia nyimbo.

Ndipo kilipo kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905. Kimekaa mtaani hapo muda mrefu kiasi kwamba wapenzi wengi wa taarab hukiita "Malindi" tu. Mwaka 2005 kilitimiza miaka 100, na santuri ya kuadhimisha karne hiyo ilitolewa Ufaransa.

Lakini taarab yenyewe ilikuja vipi? Inasimuliwa kuwa Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliwaalika wanamuziki kutoka Misri wampigie katika jumba lake. Baadaye akampeleka Mohamed Ibrahim huko Misri kujifunza, naye akarudi na ujuzi wa kupiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani.

Kwa hiyo udi, kanuni na nai ni wageni. Fidla na akordioni ni wageni kutoka Ulaya. Katika miaka iliyofuata, wapigaji wa Unguja walichukua pia mahadhi ya filamu za Misri na za Kihindi, na mapigo ya rumba, bolero na waltz. Kilichokuwa chetu tangu mwanzo ni shairi la Kiswahili, lenye vina, mizani na fumbo lake, na namna ya kulighani.

Aliyeisogeza taarab kwa watu wa kawaida kuliko wengine wote ni Siti binti Saad, mtoto wa shamba aliyezaliwa Fumba karibu mwaka 1880 na aliyewahi kuuza vyungu. Taarab ya jumbani ilikuwa ya Kiarabu. Siti akaiimba kwa Kiswahili, akaimba habari za mahakamani, za dhuluma na za mapenzi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay, Uhindini, kurikodi santuri, na sauti yake ikarudi pwani nzima kupitia gramafoni. Kwa siku zile, gramafoni ilikuwa ndiyo teknolojia mpya. Walikuwapo walioishangaa kama sisi tunavyoishangaa kompyuta.

Hii si kusema kwamba kila mchanganyiko ni mzuri. Ni kusema tu kwamba hoja ya "zamani ilikuwa safi, sasa imechanganywa" haisimami. Hiyo zamani tunayoilinda nayo ilichanganywa. Walioichanganya walikuwa wanajua walichokuwa wanakichukua na walichokuwa wanakiacha.

Kidumbak: mchanganyiko wa kwanza wa Ng'ambo

Taarab ya jumbani na ya vilabu ilihitaji vyombo vya bei na watu wengi. Watu wa Ng'ambo na wa mashamba wakatengeneza yao. Ndiyo kidumbak.

Kidumbak ni ngoma mbili ndogo zenye sauti tofauti, fidla moja, mkwasa wa vijiti vya kugonga, cherewa za kutikisa, na sanduku. Sanduku ni besi ya kienyeji: boksi la mbao lililogeuzwa, kijiti kimesimamishwa, na uzi umevutwa. Ukiuvuta zaidi uzi, sauti inapanda, ukiulegeza, inashuka. Nyimbo za taarab zinachukuliwa, zinaongezwa kasi, na zinaunganishwa moja baada ya nyengine bila ya kusimama ili wachezaji wasikae chini.

Angalia jambo hili vizuri. Kuchukua wimbo wa taarab, kuuongeza kasi, kuukatakata na kuuunganisha na mwengine ndiyo kazi anayoifanya DJ leo kwa kompyuta. Watu wa kidumbak walikuwa wakiifanya kwa mikono kabla ya umeme kuwafikia. Marehemu na walio hai waliopiga vilabuni usiku mmoja walipiga kidumbak harusini usiku wa pili. Makame Faki, mwimbaji wa Culture Musical Club aliyejulikana kwa jina la "Sauti ya Zege", aliimba pia kidumbak, na kikundi cha Kidumbak Kalcha kilirikodi santuri mwaka 1997 iliyosambazwa nje ya nchi.

Rege inaingiaje?

Rege ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960. Ilitufikia kwa kaseti na redio. Aprili 1980 Bob Marley alipiga katika sherehe za uhuru wa Zimbabwe, na baada ya hapo vijana wengi wa Afrika waliichukua rege kama muziki wao wenyewe. Kule Afrika Magharibi, Alpha Blondy wa Côte d'Ivoire alionyesha kwamba rege inaweza kuimbwa kwa lugha za Kiafrika. Kwa upande wetu, bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, iliyoanzishwa mwaka 1972, ilipiga rege na pia chakacha, ngoma ya wanawake ya pwani. Huku Tanzania tulimpata marehemu Justin Kalikawe wa Bukoba, na Jhikoman aliyeweka makao yake Bagamoyo, wakiimba rege kwa Kiswahili.

Sasa tueleze ufundi wake. Huna haja ya chombo chochote. Mikono na mguu vinatosha.

Hesabu taratibu: moja, mbili, tatu, nne. Rudia. Katika rege ya kawaida, gitaa au kinanda hukatika kwenye mbili na nne. Ngoma kubwa huanguka kwenye tatu. Kwenye moja, mahali ambapo miziki mingi hupiga kwa nguvu, rege mara nyingi huacha wazi. Ule uwazi ndio unaokufanya uyumbe. Kisha besi inaingia, nzito na yenye maneno machache, nayo ndiyo inayobeba wimbo.

Sasa jaribu chakacha. Hesabu moja hadi sita kwa haraka kidogo, na ukite mguu kwenye moja na kwenye nne. Utaona mguu unakita mara mbili, na kila hatua imegawika mara tatu.

Rudi kwenye rege. Kita mguu kwenye moja na tatu. Mguu unakita mara mbili vile vile, ila kila hatua imegawika mara mbili.

Hapo ndipo siri ilipo. Hatua za mguu zinaweza kuwa sawasawa kabisa, huku mkono mmoja ukigawa kwa tatu na mwengine ukigawa kwa mbili. Mpigaji wa ngoma wa pwani analijua hili bila ya kuambiwa, kwa sababu ngoma zetu nyingi zimejengwa kwa tatu juu ya mbili. Kwa hiyo rege na chakacha zinaweza kukaa nyumba moja bila ya kugombana, ikiwa kila mmoja ataachiwa chumba chake. Gitaa la rege likikatika kwenye mbili na nne, ngoma ya chakacha inajaza uwazi uliobaki. Huo ni mchanganyiko unaofanya kazi.

Usiofanya kazi ni ule ambapo ngoma inalazimishwa kuacha tatu zake na kufuata mbili za rege. Ngoma ipo, unaisikia, lakini imekuwa pambo. Hata wacheza ngoma wenyewe hawajui mguu waukite wapi.

Jamaika imetuachia jambo jengine pia. Katika miaka ya 1970, fundi wa Kingston aliyeitwa King Tubby alichukua rege zilizokwisha kurikodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akaacha ngoma na besi, kisha akazitia mwangwi. Mtindo huo unaitwa dab. Tangu hapo ikawa wazi kwamba mashine ya kuchanganyia sauti nayo ni chombo cha muziki, kama udi au fidla. Muziki mwingi wa kompyuta wa leo unatokana na wazo hilo.

Kinanda kilichochukua nafasi ya watu 20

Mabadiliko makubwa kwa taarab hayakuletwa na rege, bali na kinanda cha umeme.

Klabu ya taarab asilia inaweza kuwa na wapigaji na waitikiaji 20 au zaidi. Kuwasafirisha kwenda harusini Makunduchi au Nungwi, kuwalisha na kuwalipa si kazi ndogo. Kinanda kimoja kina ndani yake sauti ya fidla, ya akordioni, ya besi na ya ngoma. Watu wachache tu, spika mbili na jenereta, shughuli inakwenda.

Katika miaka ya 1990 ushindani wa vikundi vya Dar es Salaam, hasa Muungano na Tanzania One Theatre, uliifanya taarab ya mipasho kuwa habari ya mji. Khadija Kopa, aliyezaliwa Zanzibar na kupitia Culture Musical Club, yaani Mila na Utamaduni, alikuwa miongoni mwa nyota wa ushindani huo. East African Melody wakaeneza taarab ya vinanda, ile iliyoitwa rusha roho. Baadaye Mzee Yusuf, naye wa Zanzibar, akaja na Jahazi Modern Taarab. Jina lenyewe la "modern taarab" linaonyesha kuwa waliokuwa wakiupiga walijua wametoka upande mwengine.

Lakini kinanda kina kasoro moja ambayo watu wengi hawaijui, nayo inastahili kuelezwa.

Taarab asilia hutumia maqam, yaani mpangilio wa sauti wa Kiarabu. Baadhi ya maqam, kama rast na bayati, zina sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili vya kinanda. Mpigaji wa udi anaipata kwa kusogeza kidole, kwa kuwa shingo ya udi haina vigawanyo. Mpigaji wa fidla ni hivyo hivyo. Mpigaji wa kanuni ana vitoto vidogo vya chuma vya kuinua na kushusha uzi. Kinanda cha kawaida kina sauti 12 tu, hakuna ya katikati. Ndiyo maana wimbo wa zamani ukipigwa kwa kinanda cha kawaida, mzee atakwambia "una kitu kimepungua" hata kama hawezi kukitaja. Hakosei. Kweli kimepungua.

Dawa ipo. Vinanda vingi vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi za Kiarabu vina mahali pa kubadilisha sauti hizo, na programu za kompyuta zinaweza kufanya hivyo pia. Tatizo ni kwamba anayepiga lazima ajue kwanza kuwa sauti hiyo ipo. Kijana aliyejifunza kwa kinanda peke yake anaweza kuishi maisha yake yote asiisikie.

Kutoka mchiriku hadi singeli

Upande wa pili wa mkondo, jijini Dar es Salaam, vijana wa uswahilini walikuwa na njia yao. Katika miaka ya 1990 walichukua ngoma za Kizaramo na vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo wengine walivihesabu kuwa vya kuchezea watoto, wakavifunga kwenye spika za honi. Huo ndio mchiriku. Jagwa Music, kikundi kilichoanza mwaka 1992, kiliufikisha hadi majukwaa ya Ulaya.

Baadaye, katika shughuli za mitaani zinazokesha, zinazojulikana kama vigodoro, madijei walianza kuchukua vipande vya taarab visivyo na maneno, kuvizungusha virudie rudie, na kuvikimbiza kwa kompyuta. Juu yake mwimbaji akawa anamimina maneno. Hivyo ndivyo singeli ilivyojitokeza katika mitaa kama Manzese, Tandale na Mbagala. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mara nyengine hukaribia 300. Kwa kulinganisha, muziki wa klabu wa Ulaya aina ya house huwa na mapigo kama 120 tu.

Watu kama Msaga Sumu, Sholo Mwamba na Man Fongo waliitoa singeli mtaani na kuifikisha redioni. Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda ilitoa mkusanyiko wa nyimbo kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na madijei wa singeli wakaanza kualikwa kwenye matamasha ya muziki wa kompyuta Ulaya.

Ukikaa ukasikiliza singeli kwa makini, chini ya ile kasi utasikia vinubi vya fidla na vinanda vya taarab. Yaani taarab iliyovuka maji kutoka Unguja imerudi ikiwa imevaa viatu vya kukimbilia.

Zenji flava na mduara

Kwa vijana wa Unguja, jina lililoshika katikati ya miaka ya 2000 ni zenji flava: hip hop, rege na bongo flava zilizotiwa vionjo vya taarab na ngoma. Wasanii kama AT na kundi la Offside Trick walipendwa sana walipotumia mdundo wa mduara, ile ngoma ya kucheza kwa kuzunguka ambayo mtoto yeyote wa pwani anaijua. Kwa mtu wa shamba, wimbo wa mduara hauhitaji kuelezwa. Mguu unaelewa wenyewe.

Offside Trick walifanya jambo jengine la maana: walimshirikisha Bi Kidude katika wimbo wao. Bi Kidude, jina lake Fatuma binti Baraka, alikuwa mwimbaji wa taarab na mpigaji wa ngoma za unyago, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013. Mwaka 2005 alikuwa amepewa tuzo ya WOMEX, moja ya tuzo kubwa za muziki wa asili duniani. Vijana hao hawakukata kipande cha sauti yake kutoka kaseti ya zamani wakakibandika. Walimwita mwenyewe, akaja, akaimba. Tofauti hiyo ni kubwa, na tutairudia.

Wanaochanganya mbali na nyumbani

Mchanganyiko haufanyiki hapa tu. Mim Suleiman, aliyezaliwa Zanzibar na anayeishi Sheffield, Uingereza, ameimba kwa Kiswahili juu ya midundo ya dansi ya kompyuta iliyotengenezwa na Mmarekani Maurice Fulton. Santuri yao ya Tungi ilitoka mwaka 2010. Mtu wa London ambaye hajui neno la Kiswahili anacheza, na Mswahili anayesikiliza anapata maneno yake.

Mwaka 2020 Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad, alitoa santuri ya nyimbo zinazomkumbuka bibi yake, kupitia kampuni ya London. Uongozi wa muziki ulishikwa na Mohamed Issa Matona, fundi wa fidla wa Zanzibar, kisha ikatiwa sauti za kisasa za studio, polepole na kwa kiasi. Kwa kuwa fundi wa taarab alikuwa ndani ya kazi tangu mwanzo, zile sauti za katikati tulizozieleza hazikupotea.

Afrika Magharibi nako wana mfano unaofanana. Issa Bagayogo wa Mali alipiga kamele ngoni, chombo cha nyuzi cha vijana wa kwao, juu ya midundo ya kompyuta, hadi wenziwe wakampa jina la "Techno Issa". Alifariki mwaka 2016. Alianza kwa kujua chombo cha kwao, ndipo kompyuta ikaja juu yake. Kwa wengi wa wale waliofanikiwa, utaratibu ndio huo huo.

Wapi pa kujifunzia

Kwa hiyo hatari hasa si kompyuta. Hatari ni kuwa na kompyuta bila ya fundi. Mpiga kanuni akifariki bila ya kuacha mwanafunzi, hakuna programu itakayomrudisha.

Ndiyo maana Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipoanza kutoa mafunzo mwaka 2002, katika jengo la kale la forodha Mizingani, hatua chache kutoka Malindi, kilikuwa na maana kubwa. Kiliwakutanisha wazee wa udi, kanuni na fidla na vijana waliotaka kujifunza. Kimepitia misukosuko ya fedha zaidi ya mara moja. Hata hivyo kimetoa wanamuziki kama wa Siti and the Band, wanaochanganya taarab na jazi, rege na mitindo mengine, na waliotoa santuri yao ya Fusing the Roots mwaka 2018.

Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na linalofanyika Februari Ngome Kongwe, limewapa wachanganyaji hao jukwaa. Nalo halina uhakika wa mfuko: mwaka 2016 halikufanyika kwa kukosa fedha. Vyuo na matamasha haya yanategemea sana wafadhili. Harusi za kwetu hazitegemei mfadhili. Familia inayoamua kuita kidumbak badala ya spika peke yake inasomesha kijana mmoja bila ya kujua.

Nani analipwa?

Sasa tufike kwenye jambo linalomgusa msikilizaji wa kijijini moja kwa moja.

Siku hizi mtu anaweza kuja na simu, akarikodi msewe wa Pemba au ngoma ya unyago ya Unguja kwa dakika tano, akaondoka. Kipande cha nukta nne kikitiwa kwenye kompyuta kinaweza kuzungushwa na kuwa wimbo mzima. Wimbo ukipendwa, aliyeutoa anapata pesa za mtandaoni, za matangazo na za majukwaa. Waliopiga ngoma hawajui hata kama wamesikika.

Sheria inatofautisha mambo matatu. La kwanza ni utunzi: maneno na mahadhi ya mtunzi anayejulikana. La pili ni upigaji na sauti iliyorikodiwa: hata kama wimbo ni wa kale, kazi ya mpigaji na rikodi yenyewe vina ulinzi wake. La tatu ni sanaa ya jadi isiyokuwa na mtunzi mmoja, ambayo ni ya jamii. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na ofisi inayoshughulikia ni COSOZA. Bara wana sheria ya mwaka 1999 na taasisi ya COSOTA. Hakimiliki si jambo la Muungano, kwa hiyo kikundi cha Unguja au Pemba kianzie COSOZA.

Ikiwa mtu atakuja kutaka kurikodi kikundi chenu, fanyeni haya:

Ulizeni kwanza rikodi ni ya nini: ya kumbukumbu, ya utafiti, au ya kutengenezea wimbo wa kuuza. Majibu hayo hayalipwi sawa.

Andikeni makubaliano, hata kama ni karatasi moja ya daftari. Iwe na tarehe, majina ya waliopiga wote, kiasi kilicholipwa, na kama wimbo ukiuzwa mtapata fungu gani. Pande zote mbili zitie saini mbele ya sheha au shahidi mwengine. Ipigeni picha kwa simu ili isipotee.

Takeni jina la kikundi na la kijiji litajwe popote rikodi itakapotumika. Jina halina gharama kwake, lakini kwenu ndilo litakaloleta mwaliko wa pili.

Ombeni nakala ya rikodi nzima, siyo kipande kilichochaguliwa. Siku moja wajukuu wataihitaji.

Kuna nyimbo za unyago ambazo hazitakiwi kutoka nje ya mkoba. Nyinyi ndio mnaoamua. Kusema "hii hairikodiwi" ni haki yenu, na mtu mwenye heshima ataielewa.

Kwa kijana anayetengeneza biti, ushauri ni huo huo kwa upande wa pili. Usikate sauti ya mzee kutoka kaseti ukadhani haina mwenyewe. Mwendee. Mwamkie, mweleze, mrikodi upya. Utapata sauti safi kuliko ya kaseti, na huenda akakusahihisha mdundo wako. Na kabla ya kufungua programu yako, angalia namna inavyogawa hatua: programu nyingi zimepangwa kugawa kwa mbili na nne. Ukitaka chakacha au ngoma nyengine ya sita, ibadilishe igawe kwa tatu. Usipofanya hivyo, utakuwa unavuta ngoma kwa kamba.

Sikiliza, kisha upime

Wimbo mwengine wa mchanganyiko ukipita redioni, usiupime kwa kuuliza kama ni wa zamani au wa kisasa. Upime kwa mambo manne. Je, ngoma ikiachwa peke yake bila ya kompyuta, mtu wa kwao angeweza kuicheza? Je, maneno yana shairi ndani yake, au yanajirudia tu? Je, zile sauti za katikati za udi na fidla zimebaki? Je, waliopiga wametajwa majina?

Wimbo ukipata majibu mazuri kwa yote manne, hauna tofauti na walichofanya watu wa Malindi walipompokea udi, akordioni na rumba. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo inamtaka mwenyeji awepo nyumbani mgeni anapobisha. Kazi ya kuhakikisha kuwa yupo ni ya mzee anayefundisha, ya kijana anayekubali kufundishwa, na ya mwenye harusi anayelipa wapigaji.